Mstari wa Lugha

Barua ile ilikuwa nzuri mno, ndiyo maana niliitilia shaka. Karatasi nyeupe, herufi za mashine, hakuna hata doa. Mjukuu wangu aliileta kutoka steshenari ya Rulenge Jumatano mchana, ameifunika kwa kitenge kifuani kama mtu aliyebeba kichanga kwenye mvua. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage.

"Soma," nikamwambia.

"Nimeshaisoma, Bibi."

"Mimi sijaisoma. Soma kwa sauti."

Akasimama mlangoni akasoma. Kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu ya hali ya juu. Kwamba anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Kwamba anaweza pia kufanya kazi akisimamiwa. Kwamba anajituma na anapenda ushirikiano. Halafu, kwa sauti ileile ya kwenye ibada, akasoma kwamba ana leseni ya pikipiki na anazifahamu vizuri njia zote za Ngara mjini.

Nikaweka ungo chini.

"Una leseni ya pikipiki, wewe?"

Akaitazama karatasi kana kwamba imemtemea mate.

"Ni ya kijana aliyetangulia," akasema. "Yule wa steshenari amesahau kufuta."

Hapo ndipo nilipojua kazi inavyokwenda. Mwenye steshenari ana barua moja kwenye mashine yake. Akija kijana anabadilisha jina, akija binti anabadilisha jina, kila mmoja anaondoka na uchapakazi wake na nidhamu yake ya hali ya juu. Tarafa nzima wanaomba kazi kwa barua moja! Nilicheka hadi machozi. Halafu nikakumbuka kwamba mtoto huyu alikuwa ameshapeleka barua kumi na nne za namna hiyo katika miaka miwili, na hakuna aliyemjibu hata kwa tusi, nikaacha kucheka.

Nafasi yenyewe ilikuwa hii. Kituo kimoja cha afya wilayani Biharamulo, upande wa Nyamahanga, kilitaka mhudumu wa mapokezi: mtu wa kukaa pale mbele, kumpokea mgonjwa, kumuuliza anaumwa nini, kuandika, kumwelekeza chumba. Tangazo lilibandikwa kanisani, naye alilipiga picha kwa simu. Barua iandikwe kwa mwandiko wa mwombaji mwenyewe. Iambatane na barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri. Ipelekwe kwa mkono, mwisho Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Yeye ile ya mashine alitaka kuinakili kwa kalamu, na pikipiki yake humohumo.

Mama yake, binti yangu, ameolewa Geita. Alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba mwezi ukiisha mtoto hana kazi, aende huko akauze chakula kwenye machimbo. Kuuza chakula si aibu, mimi mwenyewe nimeuza pombe ya ndizi miaka na miaka. Lakini mtoto niliyemlea toka hana meno, niliyemsomesha mpaka kidato cha nne na mwaka mmoja wa uhudumu wa afya, nimpeleke kwa wachimbaji awabebee sahani! Nilisema hapana moyoni. Mdomoni sikuwa na la kusema, maana hapana bila kazi ni kelele tu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi nilipokuwa nauza pombe, mtu akija simwambii pombe yangu ni tamu, ni safi, ina nidhamu. Kila mwenye mtungi anasema hivyo. Mimi namchotea kidogo kwenye kibuyu, namwambia onja. Akionja, mdomo wake mwenyewe unamwambia. Sasa hii barua yako imejaa sifa. Kionjo kiko wapi?"

"Bibi, barua za kazi ndivyo zilivyo."

"Ndiyo maana zinatupwa. Endelea kusoma."

Akaendelea kwa hasira, anakimbiza maneno. Alipokaribia mwisho akasoma: "Lugha ninazozifahamu: Kiswahili na Kiingereza."

"Kiingereza!" nikasema. "Kiingereza chako kinaisha kabla chai haijapoa. Na hiki tunachoongea hapa jikoni?"

Kuku aliingia, akamfukuza kwa mguu.

"Hicho si cha kuandika," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Wewe, Bibi."

Alikuwa anasema kweli, nami lazima nieleze, maana bila hilo mtu hatajua kwa nini sikumbishia.

Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Burundi. Nilivuka kwa miguu yangu miwili nikiwa msichana mdogo, kichwani nina kifurushi cha mtama, nyuma ya mama yangu. Hapa Murusagamba ndipo nilipoota matiti, hapa ndipo niliposoma mpaka darasa la tatu, hapa ndipo Mhangaza mmoja aliponipenda akanioa, nikamzalia, nikamzika. Karatasi zangu ninazo. Nilizipata nikiwa mtu mzima, zimo ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Lakini hofu haijui kusoma karatasi. Kila waliposema wageni wahesabiwe, kila lilipopita gari lenye watu wenye mafaili, nilishusha kopo nikazihesabu upya.

Kirundi na Kihangaza ni watoto wa tumbo moja. Mhangaza na Mrundi wanaelewana toka asubuhi hadi jioni. Ila mwenyeji anakujua kwa namna unavyovuta neno, na kwa salamu. Basi nyumbani niliongea lugha ya mama yangu, na mjukuu wangu akaishika kwangu, yote, mpaka matusi na methali. Nje, ni Kiswahili. Sokoni Kiswahili, kanisani Kiswahili, ofisini Kiswahili na macho chini.

Akiwa na miaka saba, nilikwenda naye ofisi fulani. Foleni ilikuwa ndefu. Akachoka, akaniita kwa sauti, "Nyogokuru, turataha ryari?" Bibi, tunarudi lini. Watu wakageuka. Mmoja tu ndiye aliyegeuka kweli, wengine walikuwa wanapiga miayo, lakini mimi niliona kama dunia nzima imegeuka. Nikambana mdomo kwa vidole viwili, nikambana kweli, mpaka kucha ikaacha alama. Hakulia. Alinitazama tu. Tangu siku ile hajawahi kuniita Nyogokuru nje ya ua wetu. Nje mimi ni Bibi.

Kwa hiyo aliposema "Wewe, Bibi", lile neno Bibi lilikuwa na kucha.

"Na yule mama wa zahanati?" nikamuuliza.

"Bibi, acha hayo."

"Siachi."

Mwaka uliotangulia alikuwa anajitolea kwenye zahanati moja, bila malipo, kufagia na kupanga kadi. Siku moja akaingia mama amebeba mtoto anayetokwa povu mdomoni. Mama anapiga kelele kwa Kirundi, muuguzi wa zamu ni mgeni kutoka kusini mwa nchi, hajui hata salamu ya huku. Muuguzi anauliza: ana degedege? ana malaria? Mama anajibu: umuti w'ibigori, umuti w'ibigori. Mjukuu wangu alikuwa ameshika ufagio. Alimsogelea muuguzi, akamnong'oneza sikioni: kameza dawa ya mahindi, ile ya kuua wadudu. Muuguzi akajua la kufanya. Mtoto akapona.

Baadaye muuguzi alimuuliza, "Wewe umejuaje?"

Akamjibu, "Nimekisia."

Hayo yote hakunisimulia yeye. Nilisimuliwa na yule mama mwenyewe, aliyeuliza nyumba kwa nyumba mpaka akatufikia, na jogoo mkononi. Nilimla jogoo yule, lakini lile neno nimekisia lilinikwama. Mtoto wangu aliokoa mtu halafu akajificha kama mwizi wa ndizi. Na mimi ndiye niliyemfundisha kujificha.

"Tangazo linasemaje?" nikamuuliza. "Soma pale kwenye sifa za mwombaji."

Akatoa simu. "Awe na uwezo wa kuwasiliana vizuri na wagonjwa wa eneo hili."

"Wagonjwa wa eneo hili ni nani? Wasubi, Wazinza, Wasukuma, na akina mama kama yule. Wewe unataka kuwapokea kwa Kiingereza?"

"Nitaandika Kihangaza," akasema haraka. "Babu alikuwa Mhangaza. Si uongo. Na ni karibu sawa."

"Yule mama alikuwa Mhangaza?"

"Bibi, na wakiniuliza?" Sasa sauti ilipanda. "Wakiniuliza nimejifunzia wapi, niseme nini? Nilihangaika mwaka mzima kupata kitambulisho. Mwaka mzima naulizwa bibi yako alizaliwa wapi, babu yako alizikwa wapi. Nimekipata juzi tu. Sasa nikaandike mwenyewe kwa mkono wangu? Wewe ulinibana mdomo kwa neno moja!"

"Nilikosea."

Sijawahi kumwambia mtoto neno hilo. Kwetu mkubwa akikosea anampa mtoto mguu wa kuku, basi, yameisha. Alinitazama kama aliyeona ng'ombe anaongea.

"Nilikosea," nikarudia. "Sasa lete daftari."

Hatukuandika siku ile. Alikwenda kulala bila kula. Mimi nilijua anachokiogopa, maana nilikuwa nakiogopa zaidi yake. Kazi ikikosekana, ataondoka. Mstari ule ukiandikwa, pengine ataondoshwa, ama mimi nitaondoshwa, hata kama akili inajua kwamba nina karatasi kwenye kopo.

Alhamisi alfajiri nilimkuta ameshakaa uani na daftari. Hakunisalimu. Alisema tu, "Nianze vipi?"

Mimi ni mtu wa darasa la tatu. Lakini nimeishi vya kutosha kujua mtu anavyosikiliza: anasikiliza mwanzo, na akisinzia humwamshi tena. Nikamwambia aanze na kazi anayoitaka, kwa jina lake, ili wasitafute. Kisha asiseme yeye ni nani, aseme alifanya nini. Kama ni mwaminifu watajua. Kama ana nidhamu wataiona kwenye mwandiko.

Aliandika, akachana. Aliandika tena, akaweka "natanguliza shukrani zangu za dhati kwa ofisi yako tukufu", nikamwambia ofisi tukufu iko mbinguni, futa. Akacheka kidogo, kwa pua. Karatasi ya nne akaandika habari ya yule mama. Mkono ulisimama.

"Niseme nilikisia?"

"Ulikisia?"

Akainama. Nikaona kalamu inatembea, polepole, inabonyeza mpaka upande wa pili. Alipomaliza akanisomea. Nimeisikia mara nyingi, naijua kwa kichwa:

"Mwaka jana nikijitolea kwenye zahanati, alikuja mama ambaye hakujua Kiswahili, akiwa na mtoto aliyemeza dawa ya kuhifadhia mahindi. Nilielewa maneno yake na kumweleza muuguzi, na mtoto akatibiwa mapema akapona. Nilipoulizwa nimejuaje, nilisema nimekisia. Sikukisia. Ninazungumza Kirundi na Kihangaza tangu utoto, na Kisubi cha kuombea maji na kuulizia njia. Naomba kazi ya mapokezi kwa sababu najua mgonjwa anavyoonekana akiwa anaeleza na hakuna anayemsikia."

Barua yote ilikuwa ukurasa mmoja, na nafasi ilibaki. Nilijifanya moshi umeniingia machoni, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

Ikabaki muhuri.

Ofisi ya mtendaji wa kijiji ina meza moja, benchi moja, na mtendaji kijana anayependa utani. Huwezi kupata barua yake ya utambulisho mpaka asome ile unayokwenda kuipeleka, kwa sababu, anasema, yeye hatambulishi mtu asiyejua anakwenda wapi. Tulimngoja tangu saa mbili. Alikuja saa sita, matope mpaka magotini, ametoka kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtendaji. Nani kashinda?"

"Mvua. Mpaka wenyewe umesombwa." Akakaa. "Leta barua, dada. Hii ya ngapi? Safari hii wakikukataa tutakuajiri hapa ulinde muhuri."

Alisoma akitabasamu. Nilikuwa namtazama macho, yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia. Mahali fulani yakasimama. Tabasamu likabaki mdomoni peke yake, limesahaulika.

"Bibi," akasema, "hili neno hapa. Mnataka liende hivi?"

"Lipi?"

"Unalijua."

"Litamke, mtendaji. Mimi macho yangu mabovu."

Akatazama mlango. Nje palikuwa na watu wawili wanangoja. Akashusha sauti. "Kirundi. Mimi nikigonga muhuri juu ya hii, na kesho mtu akauliza, ataniuliza mimi. Atasema, wewe mtendaji, huyu ni nani?"

Mjukuu wangu alinyoosha mkono. Alitaka kuichukua barua. Niliona kabisa, vidole vinaifuata karatasi, na nilijua akiichukua ataichana, na kesho kutwa atapanda gari la Geita. Nikaweka kiganja changu juu ya barua, juu ya meza ya serikali.

"Wakikuuliza huyu ni nani, utasema nini?" nikamuuliza.

"Bibi, mimi..."

"Swali ni dogo. Mama yako alipokuwa na uchungu wa kukuzaa wewe, nani alikwenda kumwita mkunga wa zahanati, mvua inanyesha? Na huyu alipozaliwa, chumba kilekile cha zahanati ileile, mama yako hakuleta uji? Basi utasema unachokijua. Hakuna anayekutaka useme usichokijua."

Akasugua shingo. Alikuwa na haki ya kuogopa, simlaumu. Mtu anayeshika muhuri mpakani anashika kaa la moto.

"Kama ni suala la lugha," akasema taratibu, "hata mimi nikikasirika sijui natukana kwa ipi." Mmoja wa wale wa nje akacheka, kumbe anasikia yote. Mtendaji akamgeukia: "Wewe unacheka nini, mpaka wako umeupata?"

Akavuta karatasi ya ofisi akaanza kuandika. Aliandika kwamba mwombaji amezaliwa katika kijiji hiki, amekulia katika kijiji hiki, babu yake amezikwa katika kijiji hiki, na hana kosa lolote. Akalowesha muhuri. Akaushikilia juu, pengine kwa kupepesa jicho mara mbili, kwangu mimi ilikuwa kwaresima nzima. Akagonga.

"Mficha uchi hazai, bibi," akasema akinipa karatasi. "Lakini mkizaa, msinitaje."

Ijumaa mvua haikutuuliza tuna haraka gani. Kutoka kwetu mpaka Rulenge pikipiki iliteleza mara mbili, na mara ya pili tulishuka tukasukuma, mimi na umri wangu. Barua ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kitenge, kitenge tumboni kwangu, kwa sababu tumbo langu ni kubwa na joto. Hapo tukapanda gari la Biharamulo, tukafika kituoni zimebaki dakika ishirini. Karani aliipokea akaitupia kwenye rundo. Lilikuwa rundo refu kama kichuguu. Nikaziona nyingine zilizokuwa juu, mwandiko huu na ule, na ile ya karibu ilianza: "Mimi ni mchapakazi." Nikamfinya mjukuu wangu kiuno.

Siku ya kumi na moja simu ikaita. Aje kwa usaili Jumanne.

Nilikwenda naye. Aliniambia nibaki, nikamwambia magoti yangu yanahitaji kituo cha afya. Wakaniweka kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Ndani walikuwa watatu: daktari mmoja mwanamume, mama mmoja wa makamo mwenye sauti nzito, na bwana mwenye faili. Walikuwa wameita watu sita. Niliwasikia wale wa mwanzo wakijibu. Wote walikuwa wachapakazi.

Akaingia wa kwangu. Waliuliza jina, shule, umri. Kisha nikasikia karatasi inafunuliwa, na sauti ya yule bwana wa faili:

"Hapa umeandika unajua Kirundi. Umejifunzia wapi?"

Nikasikia kiti chake kinasogea.

Ninajua majibu yote ambayo yangeweza kujibiwa pale. Kwa majirani. Sokoni. Kwa wanafunzi wenzangu. Majibu salama, niliyomlisha mimi mwenyewe pamoja na uji. Nilishika ukingo wa benchi.

"Kwa bibi yangu," akasema. "Ndiye aliyenilea."

"Bibi yako ni Mrundi?"

"Alizaliwa Burundi. Ni Mtanzania. Karatasi zake zipo."

"Sijakuuliza karatasi zake," akasema yule bwana. Sikujua ni kwa wema au kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa kavu kama ganda la maharage.

Yule mama wa sauti nzito akauliza, "Yuko wapi huyo bibi?"

"Yuko hapo nje."

Kichwa kikachomoza dirishani, juu yangu. "Shikamoo, bibi. Ingia."

Niliingia. Kopo la biskuti lilikuwa kwenye kikapu, nilikuwa nimelibeba, nani angeniambia nisilibebe. Nikaanza kulitafuta. Yule mama akanizuia kwa mkono.

"Hapana, bibi, kaa. Tunataka umsaidie mjukuu wako, au umharibie, sisi hatujui. Wewe sasa ni mgonjwa umefika hapa. Hujui Kiswahili hata neno moja. Mwambie yeye unachoumwa, yeye atuambie."

Watu watatu, meza, faili. Na mimi niongee kwa sauti lugha ya mama yangu. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilihisi vidole viwili vimenibana midomo, na vidole vilikuwa vyangu.

Mjukuu wangu alisimama. Akaja akachuchumaa mbele yangu, kama anavyofanya nyumbani akinivua viatu.

"Amahoro, Nyogokuru," akanisalimu, na si kwa kunong'ona.

Kikatoka. Kilitoka chote, kama mtungi uliopasuka tako. Nilisema goti la kulia linauma tangu masika, na usiku linawaka moto. Nilisema kushoto nako kumeanza wivu. Nilisema benchi lao la nje ni gumu, na nimekalishwa tangu asubuhi hakuna aliyenipa hata maji, na kama ningekuwa mgonjwa kweli wangekuta maiti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia, akawaambia goti la kulia, tangu masika, linawaka usiku, na la kushoto limeanza. Akapumua. Akawaambia pia benchi, na maji, na maiti.

Daktari akakohoa. Bwana wa faili akamtazama mjukuu wangu juu ya miwani.

"Una uhakika ndivyo alivyosema? Hayo ya maiti?"

"Nina uhakika," akasema. "Sikukisia."

Mimi sikujua kama ameharibu au ametengeneza. Hakuna aliyecheka. Yule mama aliandika kitu, akasema asanteni, tutawajulisha. Tulipotoka, mhudumu akaniletea kikombe cha maji. Nikakinywa nimesimama.

Siku tisa zilipita. Kila siku mama yake alituma ujumbe kutoka Geita: lini? Mjukuu wangu alishaanza kukunja nguo. Siku ya tisa alikwenda kwa mwalimu wake wa zamani huko Rulenge kuaga, nami nikaenda sokoni Murusagamba na mikungu miwili. Nilikuwa katikati ya kubishana na mteja aliyetaka bei ya bure simu ilipoita.

"Nyogokuru!" Alikuwa analia na kucheka. "Barampaye akazi!"

Wamenipa kazi. Nikauweka mkungu chini. Mteja alikuwa mbele yangu, nyuma yake wanawake wa soko zima, na pembeni pale vijana wa pikipiki na mgambo mmoja wa kijiji. Ningeweza kumwambia kwa Kiswahili, vizuri, mjukuu wangu, tutaongea nyumbani. Neno hilo nilikuwa nalo tayari ulimini, nimelitumia maisha yangu yote.

Nilimjibu kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Watu wakageuka. Nikawaacha wageuke.